Kiungo cha Mkono wa Usukani: Kusoma na Kutunza Gari la Waya la Zamani

Gari la waya likikaa darini miaka thelathini, kitu cha kwanza kufa ni mpira. Vipande vya tyubu vilivyokaza viungo hukauka, hupasuka na kumeguka ukivigusa. Magurudumu ya kandambili hubonyea upande uliolaliwa. Waya wenyewe, kama ni ule wa uzio uliopakwa zinki, unaweza kuwa mzima kabisa. Mtu akilikuta katika hali hiyo nyumbani kwa wazazi wake, mikono humwasha: anyooshe palipopinda, akwangue kutu, afunge tyubu mpya, abadili magurudumu, kisha aliweke sebuleni liking'aa. Ombi langu kwake ni moja: asubiri kwanza. Lile pindo, ule mfungo wa ovyo, lile gurudumu moja lisilofanana na mengine matatu, vyote ni mkono wa mtoto aliyelitengeneza. Madaftari yake ya shule aliyanakili kutoka ubaoni. Gari hili alilikata, akalikunja na kulifunga kwa akili yake mwenyewe.

Ili kulisoma gari la waya sharti ujue linavyotengenezwa, basi tuanzie hapo.

Gari la kawaida lenye urefu wa sentimita 35 na upana wa sentimita 14 hula karibu mita sita za waya. Fremu ya chini, yaani chesisi, ni mstatili mmoja unaomaliza mita moja. Mbavu mbili za bodi hula sentimita 90 kila mmoja. Vikingamo sita vinavyounganisha ubavu na ubavu ni mita moja nyingine, pamoja na ncha za kukunjia kulabu. Ekseli mbili ni sentimita 20 kila moja. Usukani na mkono wake peke yake humeza mita moja na nusu, na hapo ndipo watoto wengi huishiwa waya, kwa sababu sehemu hiyo hutengenezwa mwisho.

Waya si wa aina moja. Chesisi na mkono wa usukani hutaka waya wa milimita 3, wa uzio. Bodi inatosheka na milimita 2, unene wa henga ya nguo. Waya mweusi wa kufungia nondo, wenye milimita 1.6 hivi, umelainishwa kwa moto kiwandani. Unakunjika kwa vidole, lakini haushiki umbo, na gari lililojengwa kwa huo mtupu hulala chini baada ya siku mbili za kusukumwa. Spoku ya baiskeli ni kinyume chake: ina milimita 2 tu lakini ni ngumu kama springi, na ukiilazimisha kona kali inakatika. Kwa ekseli haina mfano wake.

Kwa hiyo waya unaoukuta kwenye gari unataja mahali. Waya mweusi wa nondo unasema palikuwa na nyumba inajengwa jirani. Waya mwembamba wenye ngozi ya plastiki ya rangi rangi, buluu, njano, kijani, ni wa simu, na fundi wa simu alipita akaacha mabaki. Ukiona waya wenye mawimbi madogo ya kupanda na kushuka kila baada ya sentimita kadhaa, huo ni seng'enge ya miiba iliyofumuliwa: nyuzi zake mbili zilikuwa zimesokotwa pamoja, na hata ukizitenganisha na kuzigongagonga juu ya jiwe, mawimbi hayaishi yote. Mtu anayeyanyoosha mawimbi hayo leo kwa plaizi ili gari lipendeze anafuta jina la shamba.

Angalia pia ncha za waya. Ncha iliyobanwa kwa meno ya plaizi huwa na umbo la kabari, pande mbili zikikutana katikati. Ncha iliyokatwa kwa kukunjwa huku na huku huwa imechongoka vibaya, imepinda kidogo mwishoni, na uso wake una chembechembe. Ncha iliyogongwa kwa jiwe juu ya jiwe huwa bapa kabla ya kukatika. Gari moja linaweza kuwa na zote tatu, na mpangilio wake una maana: kama chesisi na ekseli zimekatwa kwa plaizi na sehemu zilizobaki kwa kukunja, basi plaizi iliazimwa kwa muda mfupi, na mtoto alijua ni wapi aitumie kabla mwenyewe hajaidai. Huo ni uamuzi wa fundi, hata kama fundi alikuwa na miaka minane.

Viungo ni vya namna tatu. Cha kwanza ni kulabu: ncha ya waya mmoja inakunjwa kuuzunguka mwingine mara moja au mbili. Hiki kinakaza vizuri kama waya unaozungushwa ni mwembamba kuliko unaozungukwa. Ikiwa yote ni milimita 3, kulabu inaacha nafasi na bodi inacheza. Cha pili ni kufunga kwa waya mwembamba, mizunguko mitano au sita iliyobanana. Cha tatu ndicho kinachopendwa zaidi, tyubu. Tyubu ya baiskeli hukatwa vipande vya upana wa sentimita moja na urefu wa sentimita 25 hadi 30, kisha huvutwa mpaka kikaribie kurefuka maradufu wakati wa kuzungusha, na ncha yake huchomekwa chini ya mzunguko wa mwisho. Kosa la kawaida ni kuzungusha bila kuvuta. Kipande kisichovutwa hushika siku ya kwanza, lakini waya ukianza kutikisika ndani yake hakina nguvu ya kuurudisha, kikalegea. Kosa la pili ni kukata kipande chenye makovu pembeni. Mpira huanza kupasuka pale pale penye kovu, na ukivutwa mpasuko hukimbia, jambo analolijua kila aliyewahi kufunga manati.

Mizunguko hiyo nayo inasomeka. Mtu huzungusha tyubu kwa mkono wake wenye nguvu, na aghalabu kwa mwelekeo ule ule gari zima. Ukikuta viungo kumi na vinne vinaelekea upande mmoja na viwili vinaelekea kinyume, kagua hivyo viwili kwa makini. Huenda ndipo kaka mtu alipoombwa akaze kwa sababu vidole vya mdogo havikutosha. Usivifumue kabla ya kuuliza.

Sasa magurudumu. Hapa ndipo gari hutembea au hukataa, na hapa ndipo tabia ya mtoto hujitokeza waziwazi kuliko pengine popote.

Kandambili, au ndala, au patapata kwa wenzetu wa Kenya, hutoa magurudumu matatu ya kipenyo cha sentimita 6 kwa mguu mmoja, ukiyapanga kukwepa matundu ya kamba. Kisigino ndicho kinene, kwa hiyo mtoto makini hakati magurudumu manne kutoka mguu mmoja na theluthi ya mwingine. Anakata mawili ya mbele kwenye visigino viwili, na mawili ya nyuma katikati ya nyayo zote mbili, ili kila ekseli ipate magurudumu yenye unene mmoja. Kandambili iliyovaliwa haiishi sawasawa, upande mmoja wa kisigino huwa umeliwa, na gurudumu likikatwa hapo huwa nene huku na jembamba kule, likazunguka kwa kuyumba. Duara huchorwa kwa kuzungushia mfuniko wa kopo na kukatwa kwa wembe uliolowekwa maji ya sabuni. Wembe mkavu unanata kwenye sifongo na kuchana badala ya kukata.

Tundu la katikati ndilo lenye hila. Likipotoka milimita 3 tu, gurudumu la sentimita 6 hupanda na kushuka jumla ya milimita 6 kila mzunguko, na gari linachechemea. Dawa ni kukata duara la karatasi lenye ukubwa ule ule, kulikunja mara mbili, na kutoboa pale mikunjo inapokatana. Wasiojua hila hii hukisia kwa macho. Kisha wengi hutoboa kwa spoku iliyopashwa moto. Inaingia kwa urahisi, lakini sifongo huyeyuka na kurudi nyuma, tundu linakuwa pana kuliko ekseli, na baada ya wiki gurudumu limelegea. Mafundi wazuri huingiza bushi: kipande cha sentimita 2 cha mwili wa kalamu ya biro, kilichosukumwa kwa nguvu kwenye tundu dogo lililotobolewa kwa msumari baridi. Mpira unaibana biro, ekseli inazunguka ndani ya plastiki laini, na gurudumu haliliki. Nje na ndani huwekwa kizibo cha soda kilichogongwa kikawa bapa na kutobolewa katikati, ili gurudumu lisisuguane na chesisi.

Kuna magurudumu mengine: makopo ya rangi ya viatu yanayolia chwakachwaka barabarani, vipande vya mti vilivyokatwa kwa msumeno, vizibo viwili vilivyofumbatana kwa magari madogo. Na kuna magurudumu ya waya mtupu, ambayo ni kilele cha kazi hii: pete mbili za kipenyo cha sentimita 6, kila moja ikila sentimita 19 za waya, zinashikwa pamoja kwa waya unaokwenda huku na huku katikati yake, na juu yake unavishwa mkanda wa tyubu. Ukiona gari lenye magurudumu manne ya namna hiyo, yote yakiwa ya duara, liweke mezani taratibu. Saa nyingi sana zimelala pale.

Gari lenye magurudumu yaliyokamilika hivyo na bodi ya hovyo ni la mtoto aliyependa mwendo. Lenye milango inayofunguka, keria, antena ya redio na kitambaa chekundu juu yake, huku magurudumu yakichechemea, ni la mtoto aliyependa gari lionekane. Wapo waliofanya yote. Wapo pia waliotumia muda wao wote kwenye springi: tabaka tatu za bati la kopo, kila moja fupi kuliko iliyo juu yake, zimefungwa kati ya ekseli na chesisi kama kwenye lori halisi. Springi za bati hizo hazihitajiki kabisa, kwa kuwa magurudumu ya sifongo yenyewe yanatosha kumeza mashimo, lakini mtoto aliyechungulia chini ya lori akaona namna linavyobebwa hakuweza kuziacha. Hao hukua wakiwa watu wa kufungua vitu, na familia zao hukubali bila kubisha ukiwauliza.

Usukani una mambo yake. Pete yake huwa na kipenyo cha sentimita 12 hivi, na mkono hushuka kupita tundu la paa la kebini hadi mbele ya chesisi. Kuna mitindo miwili. Ule rahisi hufunga mkono moja kwa moja katikati ya ekseli ya mbele, na ekseli yote hugeuka. Ule wa kifundi hukunja ncha ya chini ya mkono ikawa kiwiko cha sentimita 2.5 hadi 3, kikaunganishwa na waya wa kulala unaosukuma na kuvuta magurudumu kushoto na kulia. Kiwiko kirefu hugeuza magurudumu upesi, lakini mkono unachoka na waya wenyewe hujipinda. Kifupi mno, gari halikati kona. Mkono ukiwa wa waya wa milimita 2, kuna ugonjwa mwingine: unazungusha pete juu, waya unajisokota kwanza, ndipo magurudumu yafuate baadaye. Watoto waliligundua hili bila kufundishwa, na utaona dawa zao: waya mbili zilizosokotwa pamoja, au waya uliopitishwa ndani ya tete, au fimbo iliyonyooka yenye kulabu ya waya chini na pete juu.

Kwa vile mtoto husukuma akiwa nyuma na juu, nguvu yote hukandamiza ekseli ya mbele, na mkia wa gari hurukaruka. Ndiyo sababu malori ya waya hupakiwa mawe. Ukikuta changarawe au kipande cha tofali kimefungwa kwa waya kwenye bodi ya nyuma, usikitupe ukidhani ni uchafu. Ni sehemu ya gari, na bila hiyo halitembei inavyopaswa.

Na sasa kile kiungo. Pete ya usukani hukaa usawa wa kitovu cha mwenye gari, au juu kidogo. Kitovu cha mtu kiko karibu asilimia 60 ya kimo chake kutoka ardhini. Lisimamishe gari sakafuni, lalisha mkono wa usukani kwa mwinamo unaoruhusu magurudumu yote manne kugusa chini, pima wima kutoka sakafuni hadi katikati ya pete, kisha gawanya kwa 0.6. Pete ikiwa sentimita 69 juu, mtoto alikuwa na kimo cha mita 1.15 hivi, ambacho ni cha mtoto wa miaka sita. Ikiwa sentimita 83, alikaribia mita 1.38, kimo cha miaka kumi. Ni makisio, maana wapo watoto warefu na wapo wafupi, na wapo waliopenda kushika usukani kifuani. Lakini mkono wenye kiungo hauna utata. Mtoto alikua, gari likabaki chini, mgongo ukaanza kuuma, akaongeza kipande. Kwa mwinamo wa kawaida, kipande cha sentimita 15 au 16 ni miaka minne ya kukua. Yapo magari yenye viungo viwili, kila kimoja kwa waya wa aina tofauti na kwa mkono unaozidi kukomaa: cha chini kimefungwa kwa mizunguko ya kukisia, cha juu kimebanwa kwa ustadi. Hakuna kitu kingine cha nyumbani kinachoonyesha utoto wa mtu ukipita hivi, mahali pamoja, na kwa mikono yake mwenyewe. Kiungo kile kikipinda kidogo, kikichoma jicho, kiacheni kama kilivyo.

Umri wa gari lenyewe hujulikana kwa mambo madogo. Kizibo cha soda chenye ganda la koki ndani ni cha zamani kuliko chenye plastiki. Namba ya gari iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha kopo husaidia pia: nchini Kenya mfululizo wa KAA ulianza 1989, hivyo kigari chenye namba hiyo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Lililo kubwa zaidi ni umbo. Watoto hawakutengeneza gari la kubuni, walitengeneza lile lililopita mbele yao. Baada ya Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta na mizigo ya Zambia vilianza kupita barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, na malori ya Fiat yenye tela yakawa picha ya kila siku Morogoro na Iringa. Gari la waya la huko lenye tela ndefu na pua bapa lina ukoo unaofahamika. Dar es Salaam kulikuwa na mabasi ya Ikarus ya UDA, shirika la usafiri la jiji, marefu yenye mkunjo katikati, na mtoto aliyetaka kuyaiga alilazimika kubuni kiungo cha tyubu kinachokunjika bila kukatika, kazi ngumu kuliko usukani. Kenya, mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza 1953 na kwa miaka mingi yakikimbiwa wakati wa Pasaka, yaliacha magari ya waya yenye taa nne mbele, vipande vya mpira nyuma ya magurudumu kuzuia matope, na namba ndani ya duara mlangoni. Datsun 240Z ilishinda 1971 na 1973, Peugeot 504 ikashinda 1975 na 1978, na mtoto aliyeliona moja likipita kwa vumbi alijua tofauti ya pua zao, akaikunja kwenye waya.

Kama aliyelitengeneza yu hai, mwulize kabla hujagusa chochote. Na usimwulize kwa picha ya simu. Mpe gari mkononi. Mzee anayesema "sikumbuki" akiwa ameketi, akishika pete ya usukani vidole vyake hukumbuka kabla ya kinywa, ataanza kusema waya ulitoka kwa nani na kandambili ilikuwa ya nani, na kwa nini gurudumu moja ni tofauti. Washa kinasa sauti cha simu, uliza maswali mafupi yanayohusu sehemu, si hisia: "Babu, hiki kizibo ulikitoboa kwa kitu gani?" Jibu la swali hilo hubeba mengine yote.

Baada ya hapo, piga picha pande zote sita, kisha kila kiungo kwa karibu, rula ikiwa pembeni. Ndipo usafishe.

Anza na vumbi, kwa brashi laini ya rangi. Kisha sugua waya kidogo kwa kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na unga mwekundu, kutu iko hai, itoe kwa mswaki wa zamani, mkavu, bila haraka. Kama kitambaa kinabaki safi na waya ni kahawia iliyokoza, hiyo ni kutu iliyotulia, iache. Unga mweupe juu ya waya wa uzio ni kutu ya zinki. Nao unatoka kwa mswaki. Usitumie steliwuli, maana inakwangua zinki ambayo ndiyo iliyoliokoa gari miaka yote hii. Usitumie limau, ukwaju wala siki. Watu huvitumia kung'arishia shaba, na kwenye shaba vinafanya kazi, lakini asidi hula zinki, na waya uliobaki uchi utaota kutu nyekundu. Kwa gari lililokaa pwani, Tanga, Lamu, Unguja, chumvi imo ndani ya vumbi lenyewe. Hilo pitishie kitambaa kilicholowekwa maji safi na kukamuliwa vizuri, sehemu moja baada ya nyingine, na kausha papo hapo kwa kitambaa kingine. Kagua hasa pale waya wa shaba unapogusa chuma. Metali hizo mbili zikikutana kwenye unyevu wa chumvi, chuma huliwa upesi zaidi, na kiungo kinachoonekana kizima kinaweza kuwa kimebaki uzi. Pitisha kipande chembamba cha plastiki kati yao kama nafasi ipo.

Kukinga waya, tumia nta ya nyuki. Kiasi cha punje mbili za mahindi kinatosha gari zima. Ipashe kwa joto la kiganja kwenye kitambaa cha pamba, pitisha juu ya waya, futa inayobaki. Usitumie mafuta ya cherehani wala ya injini. Yanavimbisha na kulainisha mpira, na yanakamata vumbi.

Tyubu iliyomeguka kabisa unaweza kuibadilisha, kwa masharti. Iliyomeguka iwekwe ndani ya bahasha ya karatasi, yenye maelezo ya kiungo ilikotoka. Mpya ikatwe kwa upana ule ule, izungushwe kwa mwelekeo ule ule na idadi ile ile ya mizunguko, na isivutwe kwa nguvu zote, kwa sababu waya wa zamani uliokwisha kukunjwa mara nyingi umekuwa mgumu na mwepesi kuvunjika. Ni kwa sababu hiyo hiyo pindo halinyooshwi. Waya uliopinda ukikunjwa tena kurudi, mara nyingi hukatikia hapo hapo. Uliokatika tayari ufungie gango: waya mwembamba wa milimita moja, wa pembeni, sentimita 3 kila upande wa mkatiko, ukafungwa kwa uzi wa pamba. Gango linaonekana, na ni vizuri lionekane, ili ajaye asidhani ni kazi ya mtoto. Usipeleke kwa mchomeleaji. Joto litayeyusha magurudumu na kuchoma zinki, na moshi wa zinki unamdhuru anayeuvuta.

Magurudumu yaliyobonyea hayarudi. Wapo wanaoyatumbukiza maji ya moto wakitarajia sifongo livimbe, lakini kila mtu anajua kandambili iliyosahaulika juani inavyosinyaa. Maji ya moto hufanya vivyo hivyo. Gurudumu unalolipima leo huenda tayari ni dogo kuliko lilivyokatwa, basi usiliongezee. Ukitaka mtoto wa leo acheze, tengeneza gari jingine pamoja naye, kwa vipimo vya hili, mita sita za waya na jozi moja ya kandambili. Hili la zamani lipumzike.

Lipumzike namna gani? Si ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwani unyevu unabaki ndani na kutu inaamka. Lifunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila kutiwa wanga, liweke kwenye sanduku la mbao au la karatasi ngumu, mbali na dirisha, na chini ya chesisi weka vipande viwili vya mbao vyenye kimo kinachozidi nusu ya kipenyo cha magurudumu, ili magurudumu yaning'inie bila kugusa. Lifungue mara mbili kwa mwaka, moja ikiwa baada ya masika. Funga kibandiko cha kitambaa kwenye chesisi chenye jina la aliyelitengeneza, mahali, na mwaka kama unajulikana, kwa penseli, kwa kuwa wino hufifia na kuvuja.

Shida itakuwa mkono wa usukani. Masanduku mengi hayana urefu wa sentimita 90, na hapo watu hukunja mkono, au huukata kwenye kile kiungo kwa kuwa kinaonekana kama mahali pa kukatia. Msikate. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza sanduku la mita moja na robo kwa mbao za dari, na kama hata hilo halipatikani, toboeni tundu upande mmoja wa sanduku, mkono utokeze nje, mviringishie kitambaa.